Al-Inkishafi ni waadhi au ni siasa? Tuongee kuhusu washairi waliosema na watawala kwa ulimi wa dini

Mwana wa Makadara (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kuna kauli nimeichoka. Utaisikia darasani, utaisikia redioni, na wasomi wengine huisema bila hata kupepesa: kwamba ushairi wetu wa zamani ulikuwa wa dini tu, kaswida na mawaidha, na siasa imeingia baadaye na magazeti na vyama. Anayesema hivyo hajaisoma Al-Inkishafi, au ameisoma akiwa na usingizi.

Kwa wasioijua: ni utenzi, na mtunzi wake ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, aliyeishi karne ya 18 na kuingia mwanzo wa ile ya 19. Beti zake ni sabini na kitu, hutofautiana kidogo kati ya nakala na nakala. Anaanza kwa bismillahi, anamswalia Mtume, kisha anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuusuta:

*Moyo wangu nini huitabiri,*
*twambe u mwelevu wa kukhitari?*
*Huyui dunia ina ghururi,*
*ndia za tatasi huzandamaye?*

Mpaka hapo sawa, ni waadhi. Lakini mbele kidogo anaingia majumbani mwa wakubwa wa Pate, na humo hatoki haraka. Anatuonyesha taa za kowa (kioo) na za shaba zilizofanya usiku uwe kama mchana, vyombo vya sini vya kuteuliwa, zango (vigingi vya kutundikia) za mbao za thamani. Halafu anavunja:

*Nyumba zao mbake ziwele tame,*
*makinda ya popo iyu wengeme,*
*husikii hisi wala ukeme,*
*zitanda matandu walitandiye.*

Kwamba nyumba zimehamwa, popo wananing'inia juu, na buibui ndio wanaotandika vitanda. Mtu wa waadhi mtupu angesema "dunia inapita", akamaliza. Huyu anakutajia majina: Ali bin Nasiri na muamu wake Abubakari, Mwinyi Idarusi, Muhudhari. Na jina la kwanza hapo ni jina la baba yake mwenyewe, ukifuata nasaba yake inavyoandikwa. Anauliza wako wapi. Anawataja mabwana na mawaziri waliokuwa wakienda na makundi ya askari, sasa "pingu za mauti ziwafundiye". Pingu, wakuu. Aliyezoea kuwafunga wengine kafungwa yeye.

Angalieni na vina. Kila ubeti mshororo wa mwisho unafunga kwa *-ye*, na mara nyingi hiyo ni tamati ya kitenzi cha jambo lililokwisha kutendeka katika lugha ya kaskazini: walitandiye, ziwafundiye, iwaushiye. Shairi zima linapigiliwa misumari ya mambo yaliyokwisha. Kwangu mimi hili ndilo shairi kali kuliko yote ya Kiswahili dhidi ya dola. Nipingeni.

---

Kobe Mwendapole

Uzi mrefu kuliko utenzi wenyewe. Nimeweka kambi, chai iko jikoni.

---

Maalim Mstaafu

Wa alaykum salaam. Nakupinga, ndugu yangu, na nitakupinga kwa adabu.

Hii ni zuhdi, ushairi wa kuipa dunia kisogo. Ni fani inayojulikana tangu Baghdad. Abu al-Atahiya alikuwa akitunga hivyo zama za Harun al-Rashid, miaka elfu moja kabla ya sharifu wako. "Wako wapi waliojenga, wako wapi waliojipamba" ni mlango wa kawaida wa kuingilia katika mauti. Mshairi wa zuhdi hamtaji mfalme ili amwondoe kwenye kiti. Anamtaja kwa sababu mfalme ndiye mfano mkubwa zaidi: kama huyu mwenye ngome na askari kafa, wewe muuza samaki unajidanganya nini?

Na umeruka sehemu nzima. Shairi haliishii Pate. Linaishia Motoni. Anahesabu: Jahimu, Hawiya, Sairi, Ladha, Hutama, na kila moja anaieleza adhabu yake mpaka nywele zinakusimama. Kama lengo lilikuwa dola ya Pate, kazi ingekuwa imekwisha kwenye popo na buibui. Kwa nini aendelee? Kwa sababu anayezungumziwa ni moyo, na moyo huo ni wake. Mkiupa jina la siasa mnaupunguza.

---

Mwana wa Makadara

Maalim, nashukuru, ndiyo aina ya jibu nililolitaka. Lakini mimi sioni kwa nini zuhdi na siasa ziwe ndugu waliogombana.

Tuende kwenye Qur'ani yenyewe. Surat Ad-Dukhan, kuanzia aya ya 25: mabustani mangapi waliyaacha, na chemchemi, na mimea, na mahali pa fahari, na neema waliyokuwa wakijistareheshea. Ni nani hao? Ni Firauni na watu wake. Orodha ya mali iliyoachwa, ile ile mbinu anayoitumia sharifu kwa taa na sini, imewekwa hapo juu ya mtawala aliyekuwa akitesa watu. Aya ya 29 inasema mbingu na ardhi havikuwalilia. Sasa niambie hiyo si hukumu juu ya utawala. Aliyekulia kwenye chuo cha Pate akasikia "wako wapi wenye majumba" alijua fika mfano huo unatoka wapi, na aliyefananishwa ni nani.

Kuhusu Moto: kwangu inazidi kunipa nguvu. Kaburini mabwana wamefungwa pingu, halafu kuna mahakama ya pili.

---

Mtoto wa Bahi

Mimi ni Mkatoliki wa Dodoma, naomba niingie taratibu maana ugomvi ni wa wenyewe.

Niliposoma ule ubeti wa popo nilikwenda moja kwa moja Isaya 14, pale mfalme wa Babeli anaposhushwa kuzimu, na wafalme waliomtangulia wanainuka kwenye viti vyao kumkejeli: na wewe umekuwa dhaifu kama sisi? Halafu funza ndio godoro lake na vidudu ndio shuka. Buibui wa sharifu wanatandika kitanda, funza wa Isaya wametandikwa. Na sura ya 13 ina bundi wamejaa kwenye nyumba. Hakuna padri niliyewahi kumsikia akisema Isaya alikuwa hazungumzi siasa. Manabii walikuwa wakiitwa wasaliti.

Ila kwetu bara historia ilikwenda upande mwingine, na hili nalo tuliseme. Mzee wetu Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, alichukua bahari (muundo) ya utenzi iliyolelewa na Waislamu wa pwani akaitungia Enjili na Zaburi. Kazi kubwa sana ile. Kisha likaja Azimio la Arusha 1967, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere akawaomba washairi walieneze. Mnyampala na wenzake wa UKUTA, chama cha washairi, wakaingia kazini na ngonjera. Sisi shuleni tulikuwa tunazikariri: huyu anauliza kama mjinga, yule anajibu kama mwenye hekima, mwisho mjinga anakubali na wote wanapiga makofi. Ushairi wa siasa ule, tena mtupu, lakini unaongea *kwa niaba* ya mtawala. Nikipima ngonjera na Al-Inkishafi, ile ya dini ndiyo inayonitia wasiwasi juu ya wakubwa. Hii ya siasa ilinifundisha kuitikia.

---

Mjukuu wa Dereva

Mods hamishieni jukwaa la dini huu uzi. Tunataka siasa humu, bajeti, tozo.

---

Kobe Mwendapole

@Mjukuu wa Dereva kaa kitako usome, ukimaliza utaona tozo ziko humo humo.

---

Nahodha wa Mkanda

Ami zangu, wengi wenu mwaisema Pate kama nti ya hadithi. Pate iko, na watu wako.

Wendao hutoka Amu (Lamu) kwa mashua, wakingoja maji yajae ndipo wapite Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari. Ukishuka, mji wa sasa uko hapa, magofu yako pale pale ubavuni. Kuta za matumbawe zimesimama nusu, na kwenye baadhi yake bado waona zidaka, zile tundu za ukutani walizokuwa wakipangia sahani. Sharifu azitaja zidaka hizo: *madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni.* Na katikati ya magofu watu hulima tumbaku. Majani mapana ya kijani yamejaa ndani ya chumba kisicho na dari, na mwenye shamba apita na ndoo. Mgeni hudhani twafanya utovu wa heshima. Sisi twaona udongo ni mzuri.

Na msisahau vita. Kabla sharifu hajafa, Pate waliungana na Mazrui, watawala wa Mombasa, wakaja kuupiga mji wa Amu, wakashindwa pale Shela, mifupa ikabaki mchangani. Amu wakamwita Sayyid Said wa Omani awalinde. Toka hapo Pate haikuinuka tena. Aliyeandika "wako wapi" hakuwa akiota. Alikuwa akihesabu watu aliowajua.

---

Binti Hamisi

Nimesoma wote, mmenena vizuri, kaka zangu. Nina la kwangu, na sijui kama litawapendeza.

Mnauliza sharifu yuko upande wa nani, wa dini au wa siasa. Mimi nauliza yuko upande wa nani ndani ya ile nyumba. Kuna beti anaeleza wakubwa wanavyolala: wanapepewa na mapepeo, na wanawake wanawaimbia mpaka usingizi uwachukue. Hao waliopepea ni nani? Pate ya wakati ule tunajua ilivyoendeshwa. Taa za kowa hazikujisugua zenyewe. Lakini ikifika zamu ya kuuliza "wako wapi", wanaulizwa mawaziri, wanaulizwa makadhi, wanaulizwa vijana wa nyuso zenye mianga. Anayepepea kaingia kwenye shairi kama feni, kazi ikiisha hatajwi.

Kwa hiyo ndiyo, ni shairi la siasa, ila ni siasa ya mtu wa sebuleni anayewalilia watu wa sebuleni. Kilio chenyewe kizuri mno, nakiri, na mimi hulia nacho. Lakini tusimvishe sharifu kanzu ya mtetezi wa wanyonge ambayo mwenyewe hakuivaa.

Nami kwa kuwa hapa ni kwa washairi:

*Umewataja Sharifu, wenye enzi na nasabu,*
*wa hariri na sarafu, na majumba ya ajabu,*
*alopepea dhaifu, jinale li wapi babu?*
*Naye Pate kafukiwa, mbona hana hata beti?*

---

Kobe Mwendapole

Chai imepoa, sikuijali. Dada Binti Hamisi, pokea:

*Dada swali umelenga, jibu lake li kaburi,*
*si Sharifu kawatenga, ni wino wa matajiri,*
*mtumwa angalitunga, nani angalihariri?*
*Naye Pate kafukiwa, leo umempa beti.*

---

Binti Hamisi

Vina vimekaa. Lakini mshororo wa pili umemwachia huru mapema. Wino ulikuwa mkononi mwake.

---

Maalim Mstaafu

Hoja ya binti yangu ni nzito kuliko ya mleta uzi, na inafika mahali ambapo hata mimi lazima nisimame. Nitasema moja tu: zile beti za Moto hazibagui. Humo hakuna waziri wala mpepeaji, kuna mwenye kudhulumu na malipo yake. Labda ndiko sharifu alikowaweka sawa watu wote, baada ya kushindwa, au kutotaka, kuwaweka sawa duniani.

---

Jirani wa Bandari

Mbona hakuna aliyemtaja Abdilatif Abdalla mpaka sasa? Mnaongea ya Pate, na huyu ni wa Mombasa, wa juzi tu.

Mwaka 1968 alitoa karatasi, *Kenya: Twendapi?*, kuisuta serikali ya Kenyatta. Ikamfunga, 1969 hadi 1972. Huko ndani akawa anaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na alipotoka yakachapishwa kama *Sauti ya Dhiki*, 1973. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Mambo ya dunia.

Sasa someni "Mamba":

*Kuna mamba, mtoni metakabari,*
*ajigamba, na kujiona hodari,*
*yuwaamba, kwamba 'taishi dahari.*

Mtawala anashtakiwa kwa kosa gani hapo? Hashtakiwi kwa katiba wala kwa uchaguzi. Anashtakiwa kwa kutakabari, na kwa kudhani kwamba hatakufa. Mwislamu yeyote anajua takaburi ni vazi la Mungu peke yake, na mja anayelivaa kaiba. Ndiyo mashtaka yale yale ya sharifu dhidi ya Pate. Jamaa huyo ni mjamaa wa mrengo wa kushoto, lakini alipotaka kumpiga mtawala pigo la kumuumiza alifungua sanduku la babu zake. Na akiwa gerezani humo, *Utenzi wa Maisha ya Adamu na Hawaa* wake ukachapwa, 1971. Kwa hiyo mtu mmoja, kifungo kimoja, kitabu cha dini na kitabu cha dhiki.

Tena akasema wazi kwamba anafumba: "niufumbe, wafumbuwe wawezao". Askari wa gereza akilisoma anaona hadithi ya mamba.

---

Mtoto wa Bahi

Na Muyaka, mshairi wa Mombasa ya zamani, mnamweka wapi? Yeye sikumbuki akijifunika dini.

---

Jirani wa Bandari

Muyaka hakuhitaji kujifunika. Alikuwa upande wa Mazrui, na Mazrui ndio waliokuwa na Mombasa mpaka Sayyid Said alipoichukua 1837. Aliwatukana maadui wa mji akiwa ndani ya mji. Mashairi yake mwenyewe tumebaki nayo kwa sababu watu waliyashika vichwani, na mzee mmoja, Mwalimu Sikujua, akamsomea Taylor, mmishonari Mwingereza, mwishoni mwa karne ile. Mwenye liwali nyuma yake huongea waziwazi. Mfungwa hufumba.

---

Maalim Mstaafu

Vizuri. Basi hapo ndipo namrudia mleta uzi, maana Jirani kanipa fimbo.

Abdilatif alimsema mamba akiwa hai mtoni, na mamba akamla miaka mitatu. Muyaka alisema akiwa na ngome mgongoni. Sharifu wako kasema lini? Baada ya taa kuzimika. Kuwauliza maiti "mko wapi" hakumgharimu mtu kitu. Hiyo ndiyo sababu nasema ni waadhi: siasa ni kumwambia aliye hai, waadhi ni kumwonyesha aliye hai yule aliyekufa.

---

Mwana wa Makadara

Maalim, umepiga mahali penyewe, lakini umedhani Pate ilikuwa tupu wakati ule. Haikuwa. Mji ulikuwa umedhoofika, majumba mengi yamehamwa, lakini Wanabahani, ukoo uliotawala Pate, walikuwa bado wana sultani Pate. Waliendelea pale miaka mingi baada ya sharifu kufa, mpaka mwishowe wakahamia Witu, bara. Yaani shairi hili lilipoanza kunakiliwa na kusomwa kwenye baraza za visiwa vile, kulikuwa na mtu amekaa kwenye kiti, ana askari wake, ana mawaziri wake, ana zidaka zenye sahani. Halafu anasikia *wa wapi ziuli wa Pate Yunga… daula na enzi iwaushiye.*

Yeye ndiye daula iliyobaki. Anaambiwa imekwisha, kwa kitenzi cha jambo lililokwisha, naye angali amekaa. Na hawezi kumkamata mtu, kwa sababu msomaji ataapa kwamba anausuta moyo wake mwenyewe. Atamfunga kwa kosa gani, la kuogopa Moto?

Kwa hiyo ule moyo anaousemesha mwanzoni, mimi nausoma kama Abdilatif anavyomtumia mamba. Ni kinga. Hoja ya Binti Hamisi inabaki pale pale, sina dawa yake. Sharifu alikuwa mtu wa sebuleni. Lakini watu wa sebuleni ndio waliokuwa na nafasi ya kumsomea sultani.

---

Nahodha wa Mkanda

Na walikuwa wakiisoma kwa sauti, ami, si kimya kimya kama nyinyi na simu. Kwa sauti, mlango wazi.

---

Mjukuu wa Dereva

Nimesoma mpaka hapa. Mnisamehe kwa lile la mods. Maandishi kamili yanapatikana wapi?

---

Mwana wa Makadara

Kuna toleo la Hichens la 1939 na la Allen la 1977, tafuta kwenye maktaba ya chuo. Mpangilio wa beti unatofautiana, usishtuke. Kama Kiamu kinakushinda, tafuta mtu wa Lamu akusomee kwanza, maana kikisikika kinaeleweka upesi kuliko kikisomwa. Anza na beti za majumba, ukishawaona popo ndipo urudi kwenye bismillahi.

---

Maalim Mstaafu

Asianzie katikati, umpotoshe kijana. Aanze mwanzo kama watu. Na akifika mwisho, zile beti za Hawiya na Hutama asome hata kama zinamchosha, halafu arudi hapa atuambie kama aliyezitunga alikuwa anamuwaza sultani wa Pate. Hilo la kiti kuwa bado na mtu nalikubali kwamba lina uzito. Lakini mpaka nione sultani mmoja aliyekasirika, mimi nabaki na zuhdi yangu.

---

Binti Hamisi

Maalim, sultani akikasirika kwa waadhi amejishtaki. Ndiyo maana hutamwona.